Shamba Lisilo na Dungu

Wendelin alimzunguka yule tembo mara ya tatu, na safari hii alijikuta anaangalia shamba kuliko tembo.

Tembo mwenyewe hakuwa amebaki mwingi. Alianguka Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi. Katikati hapo kitongoji kizima kilikuwa kimeshinda na visu na vikapu, kikachukua kila kilichochukulika. Palibaki kichwa, mbavu, uti wa mgongo, na rundo la matumbo lenye inzi wa kutosha wilaya nzima ya Ulanga. Tumbusi walikaa pembeni wakingoja zamu yao kwa adabu kubwa.

"Umeona nini?" akauliza Mzee Hermenegildi. Alikuwa ameketi juu ya kichuguu, bunduki magotini, anajipepea kwa kofia.

"Bado naangalia, Mzee."

"Angalia. Usinitazame mimi. Mimi leo ni mzigo tu uliouvusha mto."

Mzigo huo ndio uliokuwa umeshika riziki ya Wendelin. Hermenegildi alikuwa mkubwa wa askari wa Bwana Nyama pale Ifakara, na alikuwa amefanya kazi ya kulinda wanyama wa pori na kuwakamata majangili kwa miaka ishirini na miwili. Wendelin alikuwa mwanagenzi wa miezi mitatu. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, wanagenzi wawili. Mwenzake, Dionisi, alikwisha kufanya mtihani wake wiki iliyopita kule Mngeta, kesi ya chui aliyekula mbuzi, na ripoti yake ilitoka safi, haina hata doa la wino. Leo ilikuwa zamu ya Wendelin: aangalie, ahoji, aandike, asome alichoandika. Mzee atie sahihi au asitie. Bwana Nyama, Mzungu mkuu wa wanyama wa pori aliyekaa Mahenge, angefuata sahihi hiyo.

Wendelin aliitaka kazi ile mpaka akawa haoni haya kuitaka. Alikuwa ametolewa chuo cha ualimu kwa sababu, kama alivyoandika mkuu wa chuo, aliuliza maswali kupita kiasi cha darasa. Hapa alikuwa amepata kazi ambayo mtu hulipwa kwa kuuliza. Angeikosa, jembe la baba yake lilikuwa linamngoja nyuma ya mlango.

Sheria ya kesi hii ilikuwa nyepesi. Mwenye kibali cha gobori ana ruhusa ya kumwua tembo aliyeingia shambani mwake. Nyama ni yake na majirani, pembe ni za serikali. Akimwua nje ya shamba, ni jela, na gobori linakwenda. Basi swali lilikuwa moja tu: je, tembo huyu alifia shambani?

Na jibu lilionekana kama limelala pale pale. Tembo akishaanguka hahamishiki. Alipolala ndipo alipofia. Na pande zote za mzoga kulikuwa na mpunga, umekanyagwa, umevurugwa, umeanza kugeuka rangi ya njano. Dionisi angekuwa amekwisha kufunga daftari.

Wendelin aliinama kwenye fuvu. Palikuwa na tundu juu kidogo ya shina la mkonga. Akaingiza kidole kidogo, kikaingia chote. Akajaribu kidole gumba, kikagoma.

Gobori halitoboi hivyo. Gobori huchana ngozi na kuvunja mfupa ovyo, lakini tundu hili lilikuwa duara zuri, kana kwamba limepimwa na fundi seremala. Hilo lilikuwa tundu la bunduki ya kisasa. Na upande huu wa mto bunduki za namna hiyo zilikuwa chache. Moja ilikuwa magotini mwa Hermenegildi.

"Mzee Melkiori," akaita.

Mwenye gobori, aliyedai kwamba tembo amefia shambani mwake, alisogea. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, amevaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi, na jasho limekwisha kulilowesha makwapani.

"Naam, bwana mkubwa."

"Mimi si bwana mkubwa, Mzee. Gobori lako ulilishindilia nini?"

Melkiori akatia mkono katika mfuko wa ngozi, akatoa kipande cha chuma, urefu wa kidole, kimechongwa ncha kwa tupa.

"Ekseli ya baiskeli," akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Risasi za madukani hazifui dafu kwa tembo. Zinabaki kwenye mfupa kama kupe. Fundi wa Lupiro hunichongea hizi."

Wendelin akaipeleka ile ekseli kwenye tundu. Ikaingia kama imekwenda nyumbani kwake. Akaandika: *Silaha ni gobori. Risasi ni ekseli.* Hakumtazama Hermenegildi, maana aliona aibu kwa alilokuwa amelifikiria.

Kisha akaomba panga, akajifunga kitambaa puani, akaliendea tumbo.

"Unatafuta nini humo?" akauliza Melkiori.

"Chakula chake cha mwisho."

Kulikuwa na matete yaliyotafunwa nusu nusu. Kulikuwa na majani ya mbuga. Kulikuwa na mbegu za mvumo, ule mnazi wa porini, kubwa kama ngumi. Wendelin alizihesabu, kumi na nne. Akachambua kwa kijiti, akageuza, akachambua tena. Punje ya mpunga hakuna. Bua la mpunga hakuna.

"Mzee Melkiori, ulimwona akila mpunga?"

"Kwa macho yangu haya mawili! Tangu jogoo la kwanza hadi kulipopambazuka."

"Alikula kiasi gani?"

"Si unaona mwenyewe? Robo eka yote!"

"Na tumboni haumo."

Melkiori akalitazama tumbo kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Labda," akasema polepole, "alikuwa bado hajameza."

Juu ya kichuguu Hermenegildi alipaliwa, akakohoa kwa muda mrefu. Wendelin aliandika jibu lile neno kwa neno. Sasa alikuwa na raha ile inayompata mtu anapovuta uzi na kuona nguo nzima inafuata.

Akasimama katikati ya mpunga, akatazama juu badala ya chini. Anga tupu. Ndipo akagundua kilichokuwa kinamsumbua tangu mzunguko wa kwanza.

"Mzee, dungu liko wapi?"

"Dungu?"

"Dungu la kuwingia ndege. Mpunga umeiva. Kwelea wameanza tangu mwezi uliopita. Mlikuwa mnawafukuza mkiwa mmekaa wapi?"

Katika bonde lote la Kilombero hakuna shamba la mpunga lisilo na dungu. Ni jukwaa la miti, lina nguzo nne na paa la nyasi, na kamba zilizofungwa makopo zinatoka pale kwenda kila pembe ya shamba. Watu hushinda juu yake tangu alfajiri hadi magharibi, mwezi mzima, wakipiga kelele na kuvuta kamba. Asiye na dungu hana mpunga. Ana karamu ya ndege.

"Lilikuwepo," akasema Melkiori. "Tembo alilivunja."

"Miti yake?"

"Tumeikokea moto. Wa nyama."

"Mashimo ya nguzo?"

Wendelin akatembea pole pole, macho chini, akatafuta mashimo manne katika ule udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali mbichi. Hakuona hata moja. Akainama, akashika shina moja la mpunga lililokuwa limelala, akalivuta.

Halikugoma hata kidogo. Lilitoka mara moja, na chini yake likatoka na bonge la udongo mzima. Udongo wa bonge ulikuwa mwekundu, wa kichanga. Akaufikicha, ukapukutika vidoleni. Akauchota ule wa ardhini, ukamganda. Akavuta shina la pili, la kumi, la ishirini. Kila moja lilikuwa limekuja na udongo wake, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.

Wendelin alikaa chini. Akacheka kwa sauti, hakuweza kujizuia. Tembo hahamishiki. Kwa hiyo walikuwa wamehamisha shamba.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimfanya aache kucheka. Aliyainua yale mashina mbele ya macho, akayapanga. Hayakuwa na masuke. Hata moja. Juu, pale suke lilipotakiwa kuwa, palikuwa pamekatwa mshazari kwa kisu kidogo, kile cha mama wa shamba ambacho hukata suke moja moja. Tembo hung'oa, havuni kwa kisu. Na mtu anayetaka kumdanganya askari kwamba mpunga umeliwa na tembo, kwa nini akate masuke na kuacha ushahidi wazi namna ile?

Aligeuka kumtazama Hermenegildi. Mzee alikuwa ameifunika kofia usoni, kama aliyeshikwa na usingizi.

Kwenda nyumbani kwa Melkiori ilikuwa mwendo wa nusu saa, na njia ilipita kandokando ya mto. Hapo Wendelin aliliona shamba lenyewe, la udongo mwekundu wa kichanga, lina dungu, lina makopo, na binti mmoja juu yake akiwapigia kelele ndege. Kwenye pembe moja robo eka ilikuwa imeng'olewa karibuni, ardhi iko tupu. Melkiori alitembea haraka kidogo pale, halafu akapunguza mwendo.

Nyumbani kulikuwa na hekaheka ya sherehe. Wanawake walipepeta mchele uani, masufuria ya kuazima yalipangwa ukutani, na juu ya uchanja mrefu nyama ilikuwa inakaushwa kwa moshi, vipande kwa vipande. Mtoto wa kwanza wa nyumba ile, Kelestini, alikuwa amepewa upadri mwezi uliopita. Jumapili angesoma misa yake ya kwanza katika kijiji chake, na watu wangetoka mpaka Masagati kuja kuila sikukuu hiyo. Ng'ombe bondeni hawakai, mbung'o huwamaliza. Wendelin alitazama ule uchanja, na sababu ya kila kitu ikawa wazi mbele yake, inanukia.

"Tumsifu Yesu Kristo," akaita mlangoni.

"Milele na milele, amina." Mama mmoja mnene kidogo, mwenye uso wa upole, alitoka akifuta mikono. "Karibuni, wanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Yosefina, mama Kelestini." Akamgeukia Hermenegildi, akainamisha macho. "Na wewe, mgeni, karibu."

"Starehe," akajibu Mzee.

Kazi ilianza na vielelezo. Melkiori alileta pembe, zote mbili, nzima, zimeoshwa. Wendelin akazipima kwa mikono, akazipangusa, akazitazama ncha. Hakukuwa na ujanja ndani yake. Mtu huyu hakuua kwa ajili ya pembe. Kisha bila kuulizwa Melkiori akaleta kifurushi cha jani la mgomba.

"Na mkia," akasema.

Wendelin akafungua. Mkia ulikuwa umekatwa kwenye kiungo, umepakwa majivu na chumvi usioze, na nywele zake nene nyeusi zilikuwepo zote.

Bondeni, tembo akianguka, nywele za mkia huondoka kabla hata kisu hakijagusa nyama. Ni bangili hizo, ni dawa, ni heshima ya mwenye shabaha, watu huzipigania. Hapa kitongoji kizima kilikuwa kimepita pale, na hakuna aliyechomoa hata unywele mmoja.

"Nani aliwaambia msiziguse?"

"Sheria," akasema Melkiori.

"Sheria hiyo haijabandikwa barazani, Mzee. Mkia hupelekwa ofisini na askari, kuthibitisha kwamba risasi ilipata. Mimi mwenyewe nimelijua hilo mwezi uliopita tu. Na kuupaka majivu na chumvi nilifundishwa kazini kwa kuonyeshwa."

Melkiori aliitazama miguu yake. Mama Yosefina akaokoa jahazi, akatangaza kwamba chakula kiko tayari na maneno hayaliwi.

Waliletewa wali mweupe, unafuka mvuke. Bakuli la kambale aliyeungwa kwa karanga likawekwa kati ya Wendelin na Melkiori. Kisha Mama Yosefina akarudi jikoni, akaja na bakuli jingine dogo, limefunikwa, akaliweka mbele ya Hermenegildi. Maharage.

Wendelin alishika tonge, akalisahau mkononi. Katika mwezi wake wa kwanza kazini alipika kambale kambini kwa furaha kubwa, na Mzee akaenda kumtupa mbali, pamoja na sufuria lake. Ukoo wake hauli kambale. Ni mwiko wao, wa tangu mababu, na Mzee hakuwa mtu wa kuutangaza. Tangu walipoingia uani hakuna aliyekuwa ameutaja.

Alikula polepole. Alitazama mlangoni. Mama Yosefina alikuwa ameketi juu ya mkeka na bakuli lake mwenyewe, nalo lilikuwa la maharage.

Akanawa. Akafungua daftari.

"Mama, naomba kukuuliza swali moja. Ule mpunga wa kule mbugani, masuke yake uliyakata lini?"

Wapepetaji waliacha ungo hewani.

"Mpunga gani?" akasema Melkiori. "Mama Kelestini hajui lolote, yeye..."

"Jumanne asubuhi," akasema Mama Yosefina.

"Yosefina!"

"Niache, baba Kelestini. Mtoto ameuliza vizuri." Akavuta kanga, akajifuta uso. "Niliambiwa nisiuguse. Niliambiwa ung'olewe hivyo hivyo na masuke yake, upelekwe kule, usimikwe, ukanyagwe. Nikasema sawa. Walipokwenda kutafuta majembe nikachukua kisu. Nilivuna mpaka mkono ukafa ganzi. Mwanangu, mimi mwaka wa njaa mama yangu alituokotesha punje moja moja kwenye nyufa za ardhi. Na mimi niukanyage mpunga wenye punje zake? Ningeweza kuwadanganya watu, lakini hilo sikuliweza."

"Na mliouhamisha mlikuwa wangapi?"

"Kitongoji kizima," akasema Melkiori kwa sauti ya chini. Alikuwa amechoka kusema uongo, na ilionekana kama amevua kiatu kilichombana. "Nilimwua Jumatatu, mbugani. Nilikwenda makusudi, kwa ajili ya Jumapili. Watu elfu watakuja, niwape nini? Pembe sikuzitaka, Mungu anajua. Baada ya kumwua ndipo nikashikwa na hofu."

"Ukaambiwa uhamishe shamba."

"Nikaambiwa."

"Na nani?"

Melkiori akamtazama mkewe, na mkewe akaanza kukusanya mabakuli.

Wendelin alijua kwamba anaweza kuacha pale pale. Kesi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na mtu, silaha, mahali, sababu, na ungamo. Ripoti ingekuwa nzuri kuliko ya Dionisi mara tano, na mtu wa kuitia sahihi alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake akisukutua kinywa. Swali moja zaidi lingeweza kumharibia kila kitu. Aliogopa, waziwazi. Lakini alishindwa kulibeba swali lile bila kuliuliza.

"Mzee Hermenegildi," akasema, "mama huyu ni nani wako?"

Mzee aliufuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni.

"Umejuaje?"

"Maharage. Na mkia."

"Maharage," Mzee akarudia. Akamtazama Mama Yosefina, na katika macho yake kulikuwa na kitu karibu na kicheko. "Nilimtuma mumeo akwambie usivune. Akwambie uniite mgeni. Nilisahau kumtuma akwambie unipe kambale."

"Ningekupaje kambale, kaka?" akasema Mama Yosefina. "Ungekufa njaa."

"Ni dada yangu," Mzee akamwambia Wendelin. "Tumbo moja. Kelestini ni mpwa wangu, nimemlipia ada tangu darasa la kwanza. Jumatatu jioni shemeji yangu alinijia Ifakara kwa baiskeli, anatetemeka. Nilimpa maneno mawili: mpunga na mkia. Mahali penyewe sikupaona mpaka leo asubuhi na wewe. Nilipoona hakuna dungu, nikajua utagundua."

"Kwa nini hukumleta Dionisi?"

"Dionisi angeona mpunga, akaandika mpunga."

"Ndiyo, Mzee. Kwa nini hukumleta?"

Hermenegildi aliigeuza kofia mikononi. "Jumanne nilikuwa nimekwisha kuandika jina lake kwa kesi hii, wewe ungengoja nyingine. Jumatano asubuhi nikalifuta, nikaandika lako. Hilo, kijana, huwezi kunihoji. Nimejihoji mwenyewe tangu jana na sijapata jibu. Kaa chini uandike."

Wendelin aliandika kwa muda wa saa nzima, chini ya ukingo wa paa, daftari juu ya kinu kilichopinduliwa. Kisha akasimama, akasoma. Alisoma habari ya ekseli, ya mbegu kumi na nne za mvumo, ya mashimo manne ambayo hayakuwepo, ya udongo mwekundu na udongo mweusi. Alisoma kwamba pembe zilitolewa zote mbili bila kufichwa. Alisoma kwamba nyama imekwisha kuingia katika nyumba arobaini na mwanagenzi hana mikono ya kuikusanya. Kisha akasoma kwamba mshauri wa udanganyifu huu alikuwa askari Hermenegildi, ndugu wa mke wa mtuhumiwa.

Hakuna aliyelia. Mama Yosefina alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Hukutaja saa ya ungamo," akasema Hermenegildi.

"Saa nane na robo."

"Andika. Na cheo changu hukukiandika chote. Mimi si askari tu, ni askari mkuu. Kosa la mkubwa liandikwe kwa ukubwa wake."

Wendelin akasahihisha. Mzee akaomba kalamu, akaweka karatasi gotini, akaandika chini taratibu kwa herufi zake kubwa za shule ya misheni: *Mwanagenzi huyu anafaa. Apewe kazi.* Akatia sahihi.

Ndicho Wendelin alichokuwa amekitamani kwa miezi mitatu, na sasa alikiona mbele yake, wino haujakauka, na hakukifurahia hata chembe. Alitaka kumshika Mzee mkono. Alitaka kumwomba msamaha. Badala yake alikwenda kwa Melkiori, akapokea gobori. Kisha akasimama mbele ya Hermenegildi.

"Mzee, naomba bunduki."

Hermenegildi akaitoa risasi, akaifungua bunduki kuonyesha kwamba ni tupu, akampa.

"Kaka," akasema Mama Yosefina, "Jumapili Kelestini ataniuliza mjomba wake yuko wapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Kazi yake sasa ni kusikiliza watu wakiutoa."

Wakaishika njia ya Ifakara wakati jua limeanza kuinama. Melkiori alitangulia, shati la Jumapili limemkauka mgongoni. Nyuma yake alikuja Mzee, na Wendelin alitembea sambamba naye, bunduki moja kila bega, akipunguza mwendo kila Mzee alipopunguza. Walipofika mahali njia inapobana katikati ya matete, Hermenegildi akasimama.

"Rudi nyuma," akasema, bila ukali. "Hatua tano. Askari hatembei ubavuni mwa mtu aliyemkamata."

Wendelin akarudi nyuma, hatua tano.